Finjani Juu ya Mkomamanga

Mjukuu wangu ameniharibia ndege wangu.

Alikuja kunitazama Ijumaa moja hapa kwangu Mawaleh, mtaa wa Maskati, akanikuta uani siketi wala sisimami. Nanyanyuka, nachungulia mti, narudi kwenye kiti, nanyanyuka tena. Mkononi nina finjani la maji ya sukari. Ulikuwa mwezi wa pili, baridi imeanza kulegea, na mimi mwezi wa pili huwa sina raha. Wanangu wote wanalijua hilo na hunikwepa mpaka upite. Mjukuu akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja chozi arudi, yule ndege mdogo mweusi anayemetameta zambarau juani, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayenyonya maua.

Akacheka. Akanieleza, kwa ile sauti ya watu waliosoma, kwamba chozi wa Maskati haendi popote. Dume akishamaliza kulea makinda, alisema, hunyonyoka yale manyoya yanayong'ara na kuota ya kijivu kama ya jike. Hukaa hapahapa, miti ileile, na sisi tunampita tusimjue. Baridi ikikaribia kwisha hurudia nguo zake nzuri, na watu kama mimi husema amerudi.

"Hakuondoka, bibi. Ulikuwa humtambui tu."

Nilimwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Nilikuwa nimekasirika na sikutaka aone. Mtu hukaa karibu miaka sitini analijua jambo moja kwa yakini, halafu mtoto wa juzi anakuja kumpokonya kwa maneno mawili.

Alipoondoka sikuweza kukaa ndani. Nilizunguka uani mpaka alasiri, nikimkumbuka mama yangu, na mti wa babu, na ule mwaka nilioapa kwamba ndege huyu asirudi.

Tulifika Maskati katika joto la mwaka wa sitini na nne, mama na mimi, na sanduku moja na mkeka. Nilikuwa na miaka minane. Baba hakuwa pamoja nasi. Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, mapinduzi yakiwa na siku mbili tu, alikunywa chai nyumbani kwetu mjini Unguja akasema anakwenda shamba kumtazama ndugu yake. Kanzu yake ilikuwa na kifungo kilicholegea. Mama alimwambia avue amshonee mara moja. Yeye akasema atakaporudi, kwani adhuhuri haitamkuta njiani. Hakurudi. Hatukuletewa habari, wala maiti, wala ile kanzu.

Aliyetupokea alikuwa ami yake mama, ambaye mimi nikimwita babu. Ujanani alikaa Unguja, akarudi Oman zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshikana na Kiarabu hata ukimsikiliza hujui sentensi itaishia upande gani. Nyumba yake ilikuwa Wadi Kabir. Wadi Kabir ya leo ni gereji na kelele za vyuma. Ile ya babu ilikuwa visima, mitende, midimu, na nyumba chache za udongo zilizoegemea mlima, na ukitaka sukari unakwenda Matrah kwa miguu.

Mimi nilitoka mahali penye shule na binamu kumi na moja. Huku shule ya wasichana haikuwapo. Asubuhi nilisoma Kurani kwa bibi mmoja jirani, kisha siku nzima ilibaki mbele yangu haina la kufanya. Nilipanda ukuta, nikashushwa. Nilikwenda kisimani, nikarudishwa. Mama alikuwa akiniambia "Kaa kitako, wee!" mara ishirini kwa siku, na mimi nilikaa, nikanyanyuka. Kila aliyebisha hodi nilimkimbilia mlangoni. Mama hakukimbia, lakini mkono wake ulisimama hapohapo ulipokuwa, kwenye sindano au kwenye mchele, mpaka ajue ni nani.

Chozi wa kwanza tulimwona baridi ya mwaka uliofuata ilipokuwa inakwisha. Mama alikuwa anaanika nguo. Katikati ya uani palikuwa na mkomamanga wa babu, umeanza kutoa maua yake mekundu, na juu ya ua moja alining'inia ndege mweusi mdogo kuliko kidole gumba cha mwanamume. Mama aliiachia shuka mbichi ikaanguka mchangani.

"Wamwona?" akaninong'oneza. "Wamwona ni nani yule?"

Nilimwona. Kwetu Unguja baba alikuwa na desturi ya kutundika kifuu cha nazi kwenye mpera wa uani, akakitia maji ya sukari, na chozi wakija kunywa asubuhi yeye anakunywa chai yake chini yao. Wageni walimcheka. Mama naye alimcheka, akasema mume wake anafuga mbu. Siku ile ya Wadi Kabir hakucheka mtu. Mama aliingia ndani, akachukua finjani moja la kahawa la babu, lililokuwa limemeguka ukingo, akalifunga uzi, akalitia maji ya sukari na kulitundika kwenye tawi. Ndipo nilipoona meno yake kwa mara ya kwanza tangu tushuke melini.

Babu alikuja kutoka msikitini akalikuta.

"Wallahi, haya ndiyo makubwa," akasema. "Sisi twanywa kahawa chungu, ndege anywa sharubati!"

Lakini hakuliondoa. Babu alikuwa na maneno makali na mikono laini.

Wiki ileile alikwenda Maskati mjini kumwona kadhi kwa ajili ya mama. Aliporudi walikaa ukumbini wakazungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikajibanza nyuma ya mlango, kwani nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilimsikia babu akisema kwamba mke wa mtu aliyepotea katika machafuko hungoja miaka minne. Ikitimia miaka minne na hakuna habari, mume huhesabiwa amekufa. Mke hukaa eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato wala hina wala wanja, na ikisha yuko huru.

"Huru kufanya nini?" mama akauliza.

Babu akavaa ndara zake akatoka.

Nilitoka nyuma ya mlango nikamwuliza mama miaka minne ni mingi kiasi gani. Alikuwa bado ameketi palepale, ameshika tama. Akatazama nje, kwenye mti.

"Ni ndege huyu kurudi mara nne," akasema. "Huyu wa kwanza keshafika. Bado watatu. Haya, nenda kacheze."

Nadhani alisema vile ili ninyamaze. Lakini mimi nililichukua neno lile nikaliweka moyoni, na tangu siku ile nikawa na kalenda yangu mwenyewe, yenye mabawa.

Joto lilipokuja chozi alipotea. Niliona vindege vya kijivu vikirukaruka mdimuni, sikuvijali, havikuwa vyangu. Baridi ikaja. Ilipoanza kulegea nikaanza mimi. Nilitundika finjani kabla mama hajaniambia, nikalitazama kabla ya sala ya alfajiri, baada ya Kurani, kabla ya chakula, baada ya chakula. Sisimizi walilivamia, nikajifunza kuulowesha uzi kwa mafuta ya taa wasipite. Nyigu walilivamia, nikasimama na kipande cha kuti nikiwafukuza mpaka jua linanichoma utosini.

"Ukizidi kukaa hapo chini ya mti," babu alisema, "utataga."

Mwaka ule wa pili kungoja kulikuwa na utamu. Nilikuwa nimejiwekea kwamba baba na ndege wako njiani wote wawili, na kazi yangu ni kuona nani atatangulia. Alitangulia ndege. Nilipiga kelele, mama akatoka mbio na unga mikononi, tukasimama tumeshikana, na yule chozi akitumbukiza mdomo wake kwenye finjani la babu. Mama alisema "Wa pili," kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba, nilijiambia, atakuja na wa tatu.

Wa tatu alikuja mapema. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate, kisha nikahesabu. Mmoja, wawili, watatu. Amebaki mmoja. Nikamwacha ndege anakunywa nikaingia ndani nikajifunika shuka mchana kweupe. Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Kutoka hapo raha yangu ilikwisha. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mambo niliyokuwa siyasikii nikayasikia. Wanawake waliokuja kumtembelea mama walimwambia yeye bado kijana. Walimwambia mtoto wa kike anataka mwanamume wa kumsimamia. Walisema hivyo mbele yangu wakinipa halua, na mimi nikaila halua yao huku nikiwachukia. Nilielewa sasa maana ya "huru". Ndege akirudi mara ya nne, baba yangu, ambaye anaweza kuwa yuko jela, au amejificha, au anatembea kwa miguu kuja kwetu, atatangazwa maiti, na mama atafungua mlango aingie mtu mwingine. Na yote yatafanywa na ndege mzito kama karafuu chache.

Nikaapa asirudi.

Joto lile likapita, na mwisho wa mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikiwa mlangoni, mama akabadilika. Naeleza hapa nilichokiona, na nilikiona chote, na ndiyo maana mpaka leo najionea haya. Aliacha kwenda Matrah. Aliacha kutoka hata kwa jirani. Kila kitu nikawa natumwa mimi, nami nikanung'unika njia nzima. Nguo zake za rangi alizikunja akaziweka sandukuni, akabaki na gauni moja la rangi ya majivu. Kijaluba cha wanja kilikaa rafuni kikishika vumbi. Idi ilipokuja wanawake walinipaka hina mikono yote miwili, na mama akasema yeye hina inamuwasha. Siku zote ilikuwa haimuwashi. Udi ulifukizwa nyumba nzima, lakini chumbani kwake haukuingia. Babu, ambaye hakuwa mtu wa kuchota maji, akaanza kumchotea maji, na mizaha yake ikapungua.

Nilikuwa nimelelewa na wanawake. Nimeona shangazi zangu na majirani wakikaa eda, naijua nguo ile, naijua nyumba ile isiyonukia. Nikavitazama vyote na sikuona kitu, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa haijatimia. Kwangu mimi eda ingeanza ndege akifika. Ndege hajafika, basi mama ana uvivu tu, au amechoka na nchi hii, au amenichoka mimi. Nilimjibu vibaya mara nyingi miezi ile. Yeye hakunirudishia hata neno moja, na hilo nalo lilinikasirisha.

Baridi ilipoanza kulegea nikashika kazi yangu. Kwanza nililifukia finjani ndani ya majivu nyuma ya jiko. Mama hakuuliza liko wapi. Kisha nikakaa zamu uani na vijiwe mfukoni. Asubuhi moja nilimwona. Alikuwa kwenye mdimu, mweusi, anang'ara, anageuza kichwa huku na huku kama mgeni anayetafuta mlango anaoujua. Nilipiga makofi, nikarusha kijiwe, akaruka akapotea nyuma ya ukuta. Nikajiambia kwamba huyo hahesabiki. Mama alisema "ndege huyu kurudi", na "huyu" ni yule anywaye kwenye finjani, na finjani halipo. Kadhi mwenyewe asingeniweza siku hizo.

Lakini alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mkomamanga ulikuwa umeanza kuchanua, na nani atamzuia ndege asije kwenye ua?

Lazima niseme babu alivyokuwa na mti ule. Alikwenda mlimani juu kabisa kuutafuta, akauleta ukiwa kijiti, amekipakata juu ya punda safari nzima. Watu walimwambia komamanga la mlimani halikubali joto la chini. Aliumwagilia kwa mkono wake miaka saba ndipo ukazaa. Makomamanga yake hakuyauza. Aliyagawa, moja moja, kwa watu aliowapenda, na kupewa moja kulikuwa heshima.

Baada ya chakula cha mchana, babu amelala na mama yuko chumbani kwake, nilipanda ule mti. Nilichuma maua yote. Yaliyofunguka, yaliyofumba, hata vile vichwa vyekundu vigumu vilivyokuwa vinaanza kuvimba. Nilifika mpaka kwenye matawi membamba yaliyonichana mikono. Nilijaza ushungi wangu mara mbili, nikaenda kuyafukia karibu na kisima, nikasawazisha mchanga kwa mguu. Sikujuta hata kidogo. Nilihisi nimeifunga njia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita nilikaa kitako bila kuambiwa.

Babu alipoamka akatoka uani kutawadha. Nilisikia birika likianguka.

"Mo hadha?" akapaza sauti. "Nini hii? Nani kaula mti wangu?"

Nilitoka nikasema ni mimi. Alikuwa keshavua ndara moja, ameishika juu. Hakuwahi kunipiga, lakini siku ile uso wake niliuogopa.

"Wewe? Mti huu umekufanya nini? Sema! Umekufanya nini?"

"Chozi asije!" nikapiga kelele, na kilio kikanitoka hapohapo. "Akija ndio wa nne! Akija mtasema baba kafa!"

Ile ndara ilibaki juu. Babu alinitazama, akatazama mlango wa mama, akanitazama tena. Kisha akaishusha chini polepole, akaivaa, akaenda kuketi kwenye kigogo cha mtende akiwa amenipa mgongo. Mama akaniita kutoka ndani.

Nilimkuta kwenye mkeka, na lile gauni lake la majivu. Alinionyesha mahali pa kuketi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimo edani."

"Bado! Ndege hajafika!"

"Nimo tangu mwisho wa Shaabani. Zimenibakia siku kumi na tisa."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimhesabia kwa vidole, mmoja, wawili, watatu, na wa nne hajanywa kwenye finjani. Alinishika vile vidole akavifunga.

"Kadhi hahesabu kwa ndege. Ahesabu kwa mwezi. Mwaka wa mwezi mfupi, kila ukija waupita ule wa ndege kwa siku kumi na moja. Tena baba yako katoka nyumbani Shaabani, kabla hata ndege wa kwanza hatujamwona. Hesabu yangu mimi ilitimia zamani. Wewe ndiye uliyekuwa wangoja ndege."

"Babu anajua?"

"Anajua."

"Wale wanawake?"

"Wanajua."

"Na mimi? Mimi ndiye mtoto wake! Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nilikuwa napiga kelele na yeye alikuwa anaongea kama anayembembeleza mtoto mchanga. Alinitazama muda mrefu. Hapo nami nikamtazama, kwa kweli, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Nywele zake hazikuwa na mafuta. Macho yake bila wanja yalikuwa madogo na mekundu, na mikono yake imekauka. Alikuwa amemlilia mumewe zaidi ya miezi mitatu, ukuta mmoja na mimi, na usiku wote huo nililala usingizi mzuri.

"Kwa sababu wewe ulikuwa bado una baba," akasema. "Wangu mimi alikwisha Shaabani, kadhi kasema. Wako alikuwa hai mpaka ndege arudi. Nikasema mwache akae. Amdhuru nani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na nilimkasirikia, yote mawili pamoja, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayemlinda baba. Kumbe mama alikuwa anamlinda kwa ajili yangu, anakataa hina kwa uongo na kumeza majibu yangu mabaya, ili mimi nipate siku chache zaidi. Na mimi siku zile nilizitumia kumrushia ndege mawe.

Siku kumi na tisa nilimtumikia bila kununa. Babu hakusema neno juu ya mti. Siku moja tu, tukila, alitazama nje akasema mwaka huu watu tutawagawia ndimu, na wakiuliza tutasema ni za mlimani. Mama alijifunika uso kwa upande wa ushungi, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, alikuwa anacheka.

Katika siku za mwanzo za mfungo nne, mwezi wa Muharram, wanawake walikuja wakamwogesha mama, wakamfukiza udi, wakamtia wanja na kumvisha kanga mpya. Alitoka uani akafinya macho kwa mwanga. Walipokwisha kwenda aliniuliza, kama anayeuliza chumvi, finjani liko wapi. Nikalifukua kwenye majivu, nikalisugua, nikamletea. Alikoroga maji ya sukari akalijaza, akanipa mikononi.

"Litundike ukitaka," akasema. "Usipotaka, liweke. Siku utakayo wewe."

Mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe, nilingoja siku tisa. Kila asubuhi nilimwaga maji ya jana nikatia mapya, nikaliweka finjani dirishani, ndani. Kila asubuhi mama aliona. Nilizunguka uani, nikaenda kisimani, nikarudi. Mkomamanga ulikuwa umetoa ua moja, juu kabisa, nililolisahau au lililochelewa. Siku ya kumi nikalitundika finjani kwenye tawi lake la zamani, nikaketi chini ya mti, na mama akaja akaketi karibu nami.

Hakukawia. Alitua kwenye uzi, akashuka kichwa chini, akanywa. Alikunywa mara mbili, akafuta mdomo kwenye tawi, akaondoka.

"Wa nne," nikasema. Nilisema mwenyewe.

Mama akanisogelea. Kisha akaniuliza, "Wataka kukaa matanga?"

Niliitikia kwa kichwa. Akanyanyuka akaenda ndani, akafuta wanja wake kwa pembe ya kanga, akavua ile kanga mpya na kuvaa tena gauni la majivu, yeye aliyekuwa ametoka edani siku kumi tu nyuma. Alitandika mkeka ukumbini. Tulikaa siku tatu, sisi wawili, na nilimlilia baba yangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na mama akinishika kana kwamba mfiwa ni mimi peke yangu.

Siku ya kwanza, adhuhuri, babu alikuja na birika la kahawa. Alivua ndara mlangoni kama mtu aliyetoka mbali, akaingia, akaketi mbele yangu, si mbele ya mama. Akanipa mkono, kama anavyopewa mtu mzima.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mungu amrehemu baba yako."

Alikuwa mtu wa kwanza kunipa pole. Nikasema amin, na akanimiminia kahawa.